Siku ya kwanza Kampala imetushinda: watoto watatu, mzee mmoja, na mnara tusioujua. Kesho tuanzie wapi?

MamaJunia_Igoma | Jumanne, saa 3:50 usiku

Habari za usiku wana jukwaa. Naandika nikiwa kitandani huku Mengo, Kampala. Wenzangu wote wamelala, na baba Junia anakoroma utadhani yeye ndiye aliyeendesha basi. Naomba ushauri wa wenyeji wa huku, au yeyote aliyewahi kuja na familia. Ila vumilieni kwanza niwasimulie siku ilivyokwenda, maana ukimshauri mtu bila kujua kilichompata utampeleka kubaya zaidi.

Tuko sita. Mimi, mume wangu, Junia wa miaka 14, Kelvin wa 9, Pendo wa 4, na baba mkwe wangu ambaye ametimiza 68. Mimi ni fundi cherehani. Kila sare ya shule niliyoshona tangu Januari, elfu mbili yake imeingia kwenye kopo la Kampala. Kwa hiyo mkinisikia nalalamikia saa moja iliyopotea, jueni hiyo saa naijua ni sketi ngapi.

Tulitoka Mwanza jana mchana. Daraja la Kigongo–Busisi lilitupa raha, watoto walilishangilia mwanzo hadi mwisho, nami nikakumbuka tulivyokuwa tukisubiri kivuko pale hadi chapati za safari zinaisha kabla safari haijaanza. Usiku sina la kusimulia. Alfajiri tukafika Mutukula. Siku hizi mihuri ya kutoka na ya kuingia inagongwa kwenye jengo moja, dirisha kwa dirisha, kazi ya muda mfupi tu. Basi akatokea dada wa afya akaomba kadi za homa ya manjano. Baba Junia akatabasamu: "Nimeziweka mahali salama." Mahali salama palikuwa ndani ya begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa kwenye buti la basi, chini ya mikungu ya ndizi ya abiria aliyepandia Bukoba. Hadi sasa najiuliza ni nani anayepeleka ndizi Uganda. Mikungu yote ikashushwa, abiria wote wakitutazama, na mzee kasimama pembeni na kofia yake kama hatujui.

Kelvin nilimwahidi kwamba pale Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, atasimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Basi halikusimama. Lilipita kwa kasi, akaiona ile duara nyeupe kwa kioo cha nyuma ikiwa imeshakuwa ndogo kama kikombe. Hakunisemesha hadi Mpigi.

Kampala tuliingia karibu saa 5 asubuhi. Hapa ndipo nilipojua Kiswahili chetu kinaweza kukupoteza. Tuliposhuka, baba Junia akamwambia kijana wa mizigo kwa kujiamini kabisa: "Tupeleke kwenye teksi." Kijana akabeba mabegi mawili kichwani, akatangulia, sisi nyuma mbio mbio kupenya watu, Pendo mgongoni kwangu. Tukatokea kwenye shimo kubwa limejaa Hiace nyeupe mamia kwa mamia, kila kondakta anaita lugha nisiyoijua, moja likirudi nyuma bila kutazama kuna nani. Kumbe huku teksi ndiyo daladala! Tulichohitaji sisi kina jina lingine. Tulipotoka humo Pendo alikuwa na kiatu kimoja. Kiatu kipya, cha Krismasi. Gari la kukodi tulipolipata, dereva alitutajia bei ambayo mwenye nyumba ya wageni alipoisikia baadaye aliishia kutikisa kichwa tu, akatupa maji ya kunawa.

Maji! Hilo nalo. Vyumba vilikuwa havijawa tayari, tukaenda kula kwenye mgahawa wa jirani. Pendo analia kiu. Baba Junia akamwita mhudumu: "Maji, dada. Maji mawili." Dada akaitikia vizuri, akaenda, akarudi na sahani yenye mayai mawili ya kuchemsha. Baba Junia akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile ukipaza sauti lugha inabadilika. Yakaja mayai mengine mawili. Mzee ndiye aliyeinua chupa tupu ya jirani akamwonyesha.

Chakula chenyewe sikukilaumu. Nilidhani unaagiza wali nyama, unaletewa wali nyama. Huku unataja mboga tu, iwe nyama, samaki au karanga, halafu chakula kinakuja chote: ndizi za kupondwa, wali, ugali (wao husema posho), viazi vitamu, boga. Sahani ya mtu mmoja tungeshiba wawili. Mchuzi wa karanga una rangi ya pinki iliyopauka, kama blauzi nyekundu iliyofuliwa na jiki, lakini ukiupeleka mdomoni unasahau rangi. Na dada alipomhudumia mzee alipiga magoti. Mzee alikaa wima kidogo. Kwetu Usukumani mabinti walikuwa wakifanya hivyo zamani. Sasa hivi ukimwambia Junia apige magoti atakuuliza kaangusha nini.

Saa 9 mvua ikashuka, ya radi. Basi. Siku ya kwanza ikaishia hapo, tumeona kituo cha daladala na mayai.

Sasa swali langu, na kwa kweli ndilo lililonifanya nisilale. Mzee mwaka 1979 alikuwa huku. Alichukuliwa kutoka mgambo wa Kwimba, akapigana vita ya Kagera, akaingia Kampala kwa miguu mwezi wa nne. Nyumbani haisemi hiyo habari. Tulipomwambia tunakwenda Kampala likizo alisema "sawa" tu, akaenda kunyoa. Tangu Masaka ndani ya basi alikuwa kimya, mikono kwenye magoti, anatazama dirishani. Jioni hii, mvua imekatika, tumekaa barazani, akaniuliza mimi, hakumuuliza mwanawe: "Mkwe, ule mnara upo bado?" Nikamwuliza mnara gani, baba. Akasema ulikuwa juu ya kilima, mwembamba, wa jengo ambalo halijaisha, waliuona kutoka mbali wakati wanakaribia mji, na kila mmoja akawa anajisemea kwamba akiufikia huo atakuwa amepona. Jina hajui.

Kuna anayejua ni mnara gani? Na je, upo?

La pili, kesho tufanye nini? Baba Junia anataka Jinja, kwenye chanzo cha Nile. Watoto wanataka wanyama wa Entebbe. Mimi nataka Kiyembe kwenye vitambaa na siombi radhi kwa hilo. Tuna siku nne tu, na leo imeshakwenda.

---

Otieno_Bweyogerere | saa 4:10 usiku

Karibuni sana Kampala! Mimi ni Mkenya, niko hapa miaka saba, na hiyo ya maji ilinipata pia wiki yangu ya kwanza. Mayai kwa Kiganda ni *amagi*, na hiyo *gi* wao huitamka *ji*. Maji ya kunywa ni *amazzi*. Mumeo aliagiza mayai kwa lafudhi safi kabisa, msimlaumu.

Mimi naunga mkono Jinja. Amkeni saa 11, saa 12 muwe barabarani, ni kama kilomita 80. Watoto wataona mahali ambapo ziwa lenu la Mwanza linageuka kuwa mto. Mtapita daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018, na jioni mmerudi. Siku moja inatosha.

---

Mtanga_wa_Ndejje | saa 4:25 usiku

Mama Junia, pole mwenzangu, na unisamehe maana nimecheka hadi mume wangu akaniuliza kuna nini. Mimi ni wa Pongwe, Tanga, nimeolewa huku mwaka wa 16 sasa. Na mimi nilipelekwa kwenye lile shimo la teksi siku niliyofika, nikiwa na kuku wa zawadi mkononi.

Otieno, kaka yangu, wewe huna mtoto wa miaka minne. Watu wametoka kulala kwenye basi, unawaamsha saa 11 kuwarudisha barabarani? Na wako Mengo. Jinja iko upande wa pili. Lazima wauvuke mji mzima, kisha Mukono, na hii ni Desemba. Jamu ya kwenda utaikwepa kwa kuamka mapema, ya kurudi utaikwepa kwa kuruka? Jinja iwe Alhamisi au Ijumaa, wakishapumzika. Na mkienda laleni huko usiku mmoja.

Entebbe nayo msikimbilie. Bustani ya wanyama ni nzuri, watoto wangu wanaipenda. Lakini ninyi watu wa Mwanza mna Saanane pale, mna ziwa mlangoni, kisha mje kulipia kulitazama ziwa lilelile upande wa nyuma? Mkitaka kuwaridhisha watoto bila safari ndefu, nendeni Jumba la Makumbusho pale Kamwokya. Nyuma yake kuna nyumba za asili za makabila ya huku, mtoto anaingia na kutoka, anachafuka, anafurahi.

Kiyembe usiombe radhi, dada. Nenda. Lakini usiende na watoto wote saa 6 mchana wiki hii ya kuelekea Krismasi, vichochoro vile havipitiki. Nenda na Junia peke yake, asubuhi maduka yanapofunguliwa, simu ndani ya sidiria, begi tumboni. Kama unataka gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Kiganda, hapo ndipo mahali pake. Na kwa kuwa ni fundi nikuambie kitu utakachokipenda: hilo jina ni la fundi mwenzako. Alikuwa Mgoa, akiitwa Gomes, alikuwa na duka hapa Kampala mwanzoni mwa karne iliyopita, na vazi lenyewe linahusishwa na wasichana wa shule ya Gayaza. Huitwa pia busuuti, lakini mtaani ni gomesi.

La mwisho, hili ulishike. Ukiingia dukani usianze na Kiswahili. Anza na "Gyebale ko, nnyabo", au "ssebo" kwa mwanamume, tabasamu, ndipo uendelee na Kiswahili chako. Wapo watu wazima huku wakisikia Kiswahili uso unajikunja. Si wewe. Enzi zao lugha hiyo waliisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na baadaye kwa wezi wenye bunduki. Serikali imeshapitisha kifundishwe shuleni, na watoto wangu wanakisoma, lakini moyo wa mtu hausomi waraka.

Habari ya mnara sijui. Mume wangu naye hana hakika, yeye ni wa 1981.

---

Mwana_wa_Arua | saa 4:58 usiku

Mama Junia, mnara wa mzee mimi naujua.

Ni Old Kampala, kilima cha msikiti. Idi Amin alianzisha msikiti mkubwa pale mwaka 1972, kazi ikakwama kabla haijaisha. Vita ilipofika, lilikuwepo gofu na mnara wake mwembamba, mtu wa mbali anauona. Likakaa hivyo zaidi ya miaka 20. Mimi mwenyewe nimeliona nikiwa kijana, ndege wakizaliana ndani. Halafu likabomolewa lote, Libya ikatoa pesa, ukajengwa huu wa sasa, na Gaddafi akaja kuufungua 2008. Jina rasmi sasa ni Msikiti wa Taifa, lakini ukimwambia mtu yeyote "kwa Gaddafi" atakupeleka.

Kwa hiyo mwambie mzee: mnara wake haupo, lakini mahali pake papo, na mnara mwingine umesimama hapohapo. Kutoka Mengo ni karibu sana, gari linafika hadi getini. Wageni wa dini yoyote wanaruhusiwa, kuna wa kuwaongoza. Msiende Ijumaa mchana. Kupanda mnarani ni ngazi nyingi, za kuzunguka. Mzee asipande, uwanjani kuna kivuli na kutoka hapohapo mji unaonekana.

Mimi ni dereva, lakini siandiki hapa kutafuta abiria. Naandika kwa sababu baba yangu mwaka 1979 alikuwa jeshini pia, ila si upande wa mzee wako. Alikuwa hapahapa Kampala. Aliondoka kwa miguu kurudi kwetu West Nile, akavuka hadi Sudan, na mimi nikazaliwa huko ukimbizini. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kwake, cha kambini, ndiyo maana mtaona kina makosa.

Mpe mzee shikamoo yangu.

---

MamaJunia_Igoma | saa 5:15 usiku

Kaka wa Arua, asante sana. Kiswahili chako hakina kosa hata moja, mimi nina wateja wa Mwanza mjini wanaandika vibaya kuliko hivyo. Mzee amelala, salamu nitamfikishia asubuhi kwa mkono wangu.

Dada wa Ndejje, nimekupata, Jinja tumeisogeza Alhamisi. Nilivyomwamsha baba Junia kumwambia, amesema "mm". Nimehesabu kuwa amekubali. Swali dogo: Junia amekuja na suruali tupu, binti wa siku hizi. Msikitini itakuwaje?

---

Mtanga_wa_Ndejje | saa 5:20 usiku

Watampa cha kujifunga pale pale mlangoni, na wewe kitambaa cha kichwa. Hilo ndilo gauni pekee utakaloliona kwa Junia mwaka huu, mpige picha. Lala sasa.

---

MamaJunia_Igoma | Jumatano, saa 2:20 usiku

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana najua wengine mnasoma kimya kimya.

Asubuhi tulianza na roleksi za kibandani, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Kelvin aliposikia jina alidhani ni saa ya mkononi, akasema afadhali hii inaliwa. Ninamwambia mzee kuhusu salamu wakati anakunywa chai. Nikamsomea maneno ya kaka wa Arua yote, na pale kwenye Sudan pia. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Alifika salama, huyo baba yake?" Nikasema sijui, baba, hakuandika. Akasema, "Muulize." Kwa hiyo kaka, nakuuliza.

Msikitini tulifika saa 3. Tulivaliswa, Junia kajifunga kitambaa hadi kwenye kisigino, anatembea kama anakanyaga mayai. Ndani kuna zulia ambalo Pendo alitaka kulalia, na taa kubwa zinazoning'inia. Tuliambiwa zimetoka Misri, na vioo vya rangi Italia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye zulia. Eneo lote lile, mistari ya swala imenyooka tangu ukuta hadi ukuta. Mimi kushona pindo la mita tatu likanyooka naomba Mungu.

Mnarani tulipanda sisi wanne, Pendo akabaki na babu yake. Ngazi sitawadanganya idadi: Junia alihesabu 297, Kelvin 311, na wote wawili wameapa. Mimi niliacha kwenye 60 nikaanza kuhesabu pumzi. Juu ukitazama, ule mji uliotutesa jana umekaa chini kama kitambaa kilichotandazwa mezani kabla ya kukata, na lile shimo la teksi, mtihani wetu wote wa jana, ni kiraka cheupe cha kufunika kwa kidole gumba. Kelvin alikifunika kweli. "Kiatu cha Pendo kipo hapa chini," akasema.

Tuliposhuka tulimkuta mzee amekaa kwenye ukingo wa ukuta kivulini, viatu vyetu sote amevipanga mbele yake jozi kwa jozi kwa mstari, kama vya gwaride. Pendo kalala mapajani. Baba Junia akakaa karibu, akamwuliza kama ndipo penyewe. Mzee akasema kilima ndicho. Akanyoosha mkono: "Lile kanisa la minara miwili lilikuwepo. Na lile la kuba lilikuwepo." Ni Rubaga na Namirembe, nimeuliza baadaye. "Sisi tulitokea kule," akaonyesha nyuma ya Rubaga, upande wa barabara ya Masaka, "na kule kote kulikuwa migomba." Sasa ni mabati matupu. Tuliendelea kusubiri aseme zaidi. Akasema, "Wenzangu walirudi na saa na redio. Mimi nilirudi na fangasi." Kelvin alicheka hadi akaanguka, na mzee naye akacheka. Mume wangu anasema katika maisha yake yote hajawahi kumsikia baba yake akiitaja vita hata kwa sentensi tatu. Leo tumepata kama tano, ukiihesabu ya fangasi.

Sasa Kiyembe. Nilipanga niende na Junia peke yetu kama dada alivyosema, wanaume warudi na wadogo kulala. Mzee akasema anakuja. Baba mkwe huwezi kumwambia hapana, basi nikaenda nimebana begi tumboni, simu mahali nilipoelekezwa, nikifanya kazi ya ulinzi kwa wote wawili. Duka la kwanza nikaanza: "Gyebale ko, nnyabo." Mama mwenye duka, mtu mzima, akafurahi, akamwaga maneno ya Kiganda kama ndoo. Nikabaki nimetoa macho. Mzee akaingilia kwa Kiswahili, taratibu, kofia mkononi: "Mama, tunatafuta kitambaa cha mwenzangu. Mnene kidogo." Yule mama alimtazama kwanza. Mimi nikakumbuka uliyoniambia kuhusu uso kujikunja, na nikaona kama unataka kujikunja. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili kilekile, kizuri tu: "Mnene wa kiasi gani?" Mzee akapanua mikono kuonyesha. Duka zima likaangua kicheko, na Junia akajificha nyuma ya majora.

Alinunua mita sita za hariri ya rangi ya zambarau yenye maua madogo ya dhahabu, kwa pesa zake mwenyewe alizozikunja ndani ya soksi tangu Mwanza. Pia kikoi cha kuvaa ndani, maana yule mama alisema bila kikoi gomesi inalala kama pazia. Mimi ndiye nitakayeshona. Nimeshachora yale mabega yaliyochongoka kwenye daftari la Kelvin, na vifungo viwili upande wa kushoto nimevielewa. Lakini sijaona vizuri ule mkanda mpana wa kiunoni unavyofungwa. Leo nimewakodolea macho wanawake watatu mtaani hadi mmoja akaniuliza kama tunajuana.

Dada wa Ndejje, mkanda unafungwa mbele au ubavuni?

---

Mwana_wa_Arua | saa 2:41 usiku

Alifika, mwambie. Alirudi nyumbani akalima, akafariki 2004, kitandani kwake. Na yeye alikuwa haisemi.

---

Mtanga_wa_Ndejje | saa 2:55 usiku

Mbele, mama Junia, chini ya tumbo kidogo, ncha zake zining'inie. Na usiukaze. Mama mkwe akishiba lazima apate pa kupumulia.